Miaka 15 bila mtu kuchungulia

Sikio langu la kushoto lilianza kutoa usaha mwaka 1987, nikiwa na miaka 6, baada ya mafua makali. Tulikuwa tunaishi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Usiku ule siusahau. Ilikuwa kama mtu anagongelea msumari kutokea ndani ya kichwa, na nililia mpaka sauti ikakauka. Alfajiri maumivu yakakatika ghafla. Bibi alipogeuza mto akaukuta umelowa. Akamshukuru Mungu, akasema jipu limepasuka, mtoto amepona.

Kupasuka lilikuwa limepasuka kweli. Mafua yalikuwa yamepanda kwenye mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, si kama wa mtu mzima uliosimama kidogo, ndiyo maana watoto wadogo huumwa masikio kila wakipata mafua. Usaha ulijaa nyuma ya ngoma ya sikio, ukakosa pa kutokea, ukaitoboa. Ulipotoka, msukumo ukaisha na maumivu yakaisha nao. Kwa watoto wengi tundu hilo hujiziba lenyewe baada ya wiki chache, sikio likakauka na maisha yakaendelea. Langu halikujiziba. Usaha ukawa unakuja na kuondoka, ukizidi kila nikitoka kuogelea, na mimi nilikuwa mtoto wa mtoni.

Nikihesabu vilivyotiwa kwenye sikio hilo katika utoto wangu, vitano navikumbuka. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na punje ya kitunguu saumu, hayo ndiyo yalikuwa ya kawaida. Maziwa ya mama, aliyakamua jirani aliyekuwa ananyonyesha, moja kwa moja sikioni. Maji ya majani ambayo shangazi aliyaleta kwenye chupa ya soda. Unga wa kidonge cha rangi mbili, kapsuli inafunguliwa na unga unapulizwa kwa bomba la kalamu. Na mara moja, tone la mafuta ya taa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Bibi alikuwa anakesha na mimi. Lakini darasani hakuna aliyependa kukaa upande wangu wa kushoto, kwa sababu ya harufu, na mwalimu akiniita kutoka upande huo nilikuwa siitiki, nikahesabiwa kuwa na kiburi.

Mwaka 2002 nikaingia chuo cha uuguzi. Siku ya mafunzo ya vitendo mwalimu aliomba mtu wa kujitolea ili atuonyeshe jinsi ya kutumia otoskopu, kile kidude cha mkononi chenye taa ndogo, lenzi na koni nyeusi ya plastiki. Nikajitokeza. Akaanza na sikio la kulia, akavuta ukingo wa sikio juu na nyuma ili njia inyooke, akaeleza kuwa ngoma nzima inang'aa kama lulu ya kijivu. Akahamia kushoto. Akanyamaza. Akarudi kulia, akarudi tena kushoto.

"Unaogelea?"

"Nimekulia mtoni, mwalimu."

"Na hili ni tangu lini?"

"Tangu niko mdogo."

"Nani aliwahi kuliangalia?"

Swali lile sikulielewa mara moja. Nilidhani anauliza nani alilitibu, nikaanza kumtajia bibi, shangazi, duka la dawa. Akasema hapana, nani aliwahi kuangalia ndani. Nikatafuta jibu, nikalikosa. Miaka 15 sikio langu lilikuwa limetiwa kila kitu, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amechungulia. Siku ile wenzangu darasa zima walipanga foleni, mmoja mmoja akaangalia tundu la ngoma yangu. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikitazama ukuta, na machozi yakawa yanashuka bila mimi kujua nalilia nini.

Leo nafanya kazi kliniki ya masikio, pua na koo katika mkoa huu huu wa Tanga, na swali la mwalimu yule ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayekaa kwenye benchi: nani ameshaangalia ndani? Mara nyingi jibu ni kama langu. Mtu ana dawa tatu kwenye mfuko wa nailoni, amezunguka maduka mawili ya dawa na kwa mganga mmoja, na hakuna aliyewasha hata tochi ya simu. Nadhani ni kwa sababu viungo hivi vitatu ni mashimo. Kidonda cha mguuni kila mtu anakiona na anajua kama kinapona au kinaoza. Shimo hulioni mwisho wake, unatia dawa na kuomba Mungu.

Niseme kwanza ya sikio, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa mwili wangu.

Sikio likitoa usaha chini ya siku 14 tunalihesabu ni ugonjwa mpya, na mtoto hupewa dawa ya kumeza ya kuua bakteria kama amoksilini, pamoja na parasetamo ya maumivu. Likifika siku 14 na kuendelea, hapo tundu la ngoma halijajiziba na tunasema ni sugu. Vidonge peke yake haviliwezi tena. Linalotakiwa ni kukausha. Tunaita kukausha kwa utambi: unachukua kitambaa safi cha pamba, unakisokota mpaka kiwe kama utambi wa kibatari, unauingiza taratibu mpaka ulowe, unautoa na kuutupa, unaingiza mwingine. Unarudia hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Ndipo unadondosha matone ya dawa, kwa kawaida siprofloksasini ya masikio. Mara 3 kwa siku, wiki 2. Ukidondosha dawa juu ya usaha inaelea tu, haifiki. Kina mama wengi wanaorudi wakisema dawa imeshindwa, nikiwauliza walikausha vipi, wanasema walifuta kwa nje na kitambaa.

Pamba isiachwe ndani kutwa nzima, inatunza unyevu. Wakati wa kuoga tu, kipande cha pamba kilichopakwa vaselini kinaziba maji. Na kuogelea ni mwiko mpaka ngoma izibe. Kwa watoto wa pwani amri hii ni nzito, nami naitoa nikijua uzito wake.

Kuna jambo naomba mlishike. Kuna matone ya bei rahisi yanayouzwa bila cheti, ya jentamaisini. Sikioni kwenye ngoma nzima hayana shida kubwa, lakini ngoma ikiwa na tundu dawa za kundi hilo zinaweza kupenya hadi sikio la ndani na kuua chembe zinazosikia, na chembe hizo zikifa hazioti tena. Muuzaji wa duka hana otoskopu. Hajui kama kuna tundu. Wazee wanaukumbuka ule mvumo wa masikio wa kwinini, kichwa kizima kama kimekaa ndani ya mzinga wa nyuki. Ule mara nyingi huisha dozi ikiisha. Wa jentamaisini usiutegemee kuisha.

Na ukiona mwenye sikio la usaha amevimba nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, au uso umepinda upande mmoja, au anapata kizunguzungu kikali, au shingo imekakamaa na homa imepanda, usisubiri Jumatatu. Nyuma ya sikio kuna mfupa wenye vyumba kama sega la nyuki, na ukuta unaoutenganisha na ubongo ni mwembamba.

Taka za sikio ni habari nyingine kabisa, na nasikitika kila nikiona vijiti vya pamba vinavyouzwa kwenye pakiti za rangi. Ile nta ni kinga, inajisukuma yenyewe kwenda nje kadiri unavyotafuna na kuongea. Kijiti kinaishindilia ndani kama mtwangio kwenye kinu. Ikiziba kweli, matone machache ya mafuta ya zeituni au ya nazi kwa siku kadhaa yanailainisha, kisha tunaisukuma kwa maji ya bomba la sindano, maji yenye joto la mwili, yaani karibu nyuzi 37. Yakiwa ya baridi mgonjwa anaona chumba kinazunguka na anaweza kutapika. Na kabla ya maji, tunachungulia. Kwenye tundu hatutii maji. Kwa hiyo ndiyo, mafuta ya nazi ya bibi yana mahali pake. Kwenye sikio langu hayakuwa mahali pake.

Sasa nihamie koo, na hapa lazima nimseme mdogo wangu.

Alikuwa na miaka 4. Kikohozi hakikumwacha, hasa usiku, hasa msimu wa baridi. Watu wazima wakamfungua mdomo juani, wakakiona kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, wakasema ni kirefu, kinamgusa koo, ndicho kinachomkohoza. Akaitwa mkata vimeo. Kazi ilifanyika asubuhi uani, mtoto amekalishwa mapajani mwa mjomba, mikono imeshikwa. Nilisikia kilio kimoja tu, kifupi. Mchana alilala. Usiku wa manane akaamka akatapika damu nyeusi, beseni zima. Alikuwa ameimeza damu kutwa nzima bila mtu kuiona.

Hospitali ilikuwa ng'ambo, Pangani mjini, na usiku kivuko kilikuwa hakifanyi kazi. Mjomba alimwamsha mvuvi. Wakamvusha kwa mtumbwi, mama amemfunika kwa kanga mbili, bibi amebaki ufukoni amesimama na taa ya chemli mpaka kukapambazuka. Aliongezewa damu. Aliishi. Wengine hawaishi.

Kikohozi kiliendelea vilevile. Alipofika miaka 11 tabibu mmoja alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akasema huyu ana pumu. Akapewa dawa ya kuvuta, usiku ule ule akalala. Miaka 7 alikuwa amekohoa na kimeo hana.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu linanipinga. Mimi kila siku nasema chungulieni, na mkata vimeo alichungulia. Alifungua mdomo wa mtoto mbele ya jua, akaangalia. Lakini alikuwa ameitwa kwa jibu lililokwisha tolewa. Ukimfungua mdomo mtoto yeyote anayekohoa utakuta kimeo chekundu, kimevimba kidogo, kinaonekana kirefu, kwa sababu kukohoa kwenyewe kunakivimbisha. Kikohozi kinachodumu kinaweza kuwa pumu, kifua kikuu, kamasi zinazoteremka nyuma ya koo, tindikali inayopanda kutoka tumboni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoishi kwenye kimeo. Na wembe uliokata watoto wanne asubuhi moja unaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini kutoka koo hadi koo, na ukiwa na uchafu unaweza kuingiza pepopunda.

Kimeo pia kina kazi. Kikishirikiana na kaakaa laini, kinafunga njia ya puani wakati wa kumeza na kusema. Mdogo wangu alikatwa zaidi ya kimeo. Miaka mingi chai ilikuwa inamrudi kupitia puani, na mpaka leo hewa inapenya juu anapotamka. Ana watoto watatu. Wakiwa nyumbani akisema "baba anakuja", kwa asiyemzoea inasikika "mama anakuja". Wanawe wamemzoea.

Kila mama anayeniambia kimeo cha mwanawe ni kirefu, simkemei. Namkalisha, namweleza habari ya mtumbwi.

Tonsesi, au mafindofindo kama wanavyosema wazee, yanawatisha watu zaidi kuliko inavyopaswa, isipokuwa katika jambo moja ambalo linawatisha kidogo kuliko inavyopaswa. Koo nyingi zinazouma zinatokana na virusi na zinapona zenyewe. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kusukutua, parasetamo, siku chache. Lakini kuna bakteria anayeitwa streptokoka. Huyo homa yake inakuja ghafla, tonsesi zina madoa meupe, matezi ya shingo yanauma ukiyagusa, na mara nyingi hakuna mafua wala kikohozi. Asipotibiwa vizuri anaweza kuacha madhara wiki chache baadaye, viungo vinavimba na kuuma, kisha valvu za moyo zinaharibika. Kuna vijana wa Tanzania wanaofanyiwa upasuaji wa moyo kwa ajili ya koo lililouma wakiwa shule ya msingi. Kwa hiyo ukiandikiwa penisilini au amoksilini ya siku 10 kwa koo, ni siku 10. Siku ya tatu maumivu yakiisha usiweke vidonge vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mtoto wa pili.

Kukata tonsesi kuna kipimo chake. Tunaangalia kama mtoto ameumwa kweli mara 7 kwa mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Chini ya hapo mara nyingi tunasubiri. Mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo, anayetiririkwa mate na kuongea kama ana kiazi cha moto mdomoni, huyo ana jipu pembeni ya tonsesi na aje leo.

Mwiba wa samaki nausema kwa haraka, maana huku kwetu hakuna wiki inayopita bila mtu kukabwa na mwiba. Watu humeza tonge kubwa la ugali ili tonge liukokote. Tonge linaushindilia. Mara nyingi mwiba umekwama kwenye tonsesi au nyuma ya ulimi, mahali ambapo kwa taa ya kichwani na koleo refu tunautoa kwa dakika mbili. Baada ya tonge tatu unakuwa umezama, na pengine mgonjwa anasafirishwa.

Pua inanipa furaha kuliko vyote, kwa sababu pua mara nyingi unaitibu mtu anaondoka anacheka.

Kuna mama alikuja mwaka jana na binti wa miaka 3. Miezi miwili mtoto anatoka kamasi zenye harufu, tundu la kulia tu. Alikuwa ameshapewa dawa za mafua mara tatu. Mafua hayachagui tundu. Kamasi za upande mmoja zenye harufu kwa mtoto mdogo, mpaka uthibitishe vinginevyo, kuna kitu kimeingizwa. Tukachungulia, tukatoa kipande cha sponji ya godoro kimeoza. Harufu ilijaza chumba, na mama akakaa chini kwenye sakafu akashika kichwa, maana alikuwa ameanza kuamini mwanawe kalogwa.

Kitu kikiwa kimeingia sasa hivi, shanga au punje ya mahindi, na mtoto hajambo, kuna njia tunayoiita busu la mama. Mama anamwambia mtoto wanapeana busu, anaziba kwa kidole tundu ambalo halina kitu, anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake na kupuliza mara moja kwa kishindo. Hewa inazunguka nyuma na kusukuma kitu nje, pengine mpaka kwenye shavu la mama. Nimewaona kina mama wakifaulu mara ya kwanza, na chumba kizima kinapiga makofi. Ikishindikana mara mbili, usichokonoe. Choroko na maharage usiyatie maji, si puani wala sikioni, yataumuka. Mdudu sikioni muue kwanza kwa mafuta, atulie, ndipo atolewe. Na zile betri ndogo bapa za saa na vitu vya kuchezea: hizo hazisubiri. Ndani ya saa chache zinaunguza nyama, zinaweza kutoboa ukuta wa pua. Usidondoshe dawa yoyote. Chukua mtoto, nenda, kama ni usiku nenda usiku.

Mtoto anayekoroma naye huchelewa kuletwa. "Anakoroma kama babu yake," baba mmoja aliniambia kwa fahari. Mtoto ana miaka 5, mdomo wazi mchana na usiku, usingizini anasitisha pumzi kisha anashtuka. Hizo ni nyama za puani, zinazoota nyuma kabisa pua inapokutana na koo, na umri wa miaka 3 hadi 7 ndio zinakuwa kubwa. Picha ya eksirei ya shingo kwa upande inazionyesha. Kwa wengine zinasinyaa zenyewe wanapobalehe, wengine wanahitaji kuondolewa. Lakini nililomuuliza zaidi yule baba ni kuhusu masikio. Mtoto anaitika ukimwita? Anaongeza sauti ya runinga? Akasema mwalimu anamlalamikia hasikii, mkaidi. Nyama zile huziba mdomo wa mrija niliousema mwanzo, sikio la kati linajaa majimaji mazito kama gundi, na mtoto anaishi kama amezama chini ya maji. Haumwi popote. Hatoi usaha. Anachapwa tu.

Siku ile nilimwambia baba yule ya kwangu, ya darasani. Alimgeukia mwanawe akamshika kichwa kwa mikono miwili, hakusema kitu.

Kuna kijana wa bodaboda pia. Vumbi la barabara lilimpa mafua ya aleji, akanunua matone ya kuzibua pua, akayapenda. Alipofika kwetu alikuwa ameyatumia miezi 8, chupa kila wiki, na pua imeziba kuliko mwanzo. Matone yale yanasinyaza mishipa, na yakitumika zaidi ya siku 5 hadi 7 pua inazoea, ikikosa inavimba. Tulimwachisha, tukamwanzishia dawa ya kupuliza ya steroidi, ya kushusha uvimbe, na maji ya chumvi ya kusafishia: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Siku za kwanza aliteseka, alinipigia simu usiku. Ile dawa inahitaji wiki mbili hivi kuonyesha kazi, na kuna namna ya kuipuliza ambayo watu hawaelezwi: mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, mkono wa kushoto tundu la kulia, ili dawa ielekee upande wa sikio, isipige ukuta wa katikati ukaanza kuvuja damu.

Na damu ya puani, tafadhali, kichwa mbele. Si nyuma. Ukiinamisha nyuma inaingia kooni, mgonjwa anaimeza na kutapika, kama mdogo wangu. Bana sehemu laini ya pua, si mfupa, dakika 10 hadi 15 kamili kwa kutazama saa, bila kuachia ili kuangalia, apumue kwa mdomo. Nyingi zinakoma. Mtu mzima apimwe presha. Na anayevuja damu mara kwa mara huku pua imeziba upande mmoja na ana uvimbe shingoni usioisha, huyo tunataka tumwangalie nyuma ya pua kwa kamera, kwa sababu pale hukaa saratani ambayo maumivu yake huja mwishoni.

Mimi nilizibwa ngoma mwaka 2009, Dar es Salaam. Daktari alichukua kipande cha utando unaofunika msuli wa juu ya sikio, akakitandaza mahali pa tundu kama kiraka. Wiki kadhaa sikuruhusiwa kupenga kamasi kwa nguvu wala kunyanyua ndoo. Usikivu haukurudi wote. Vipimo vinaonyesha sikio la kushoto bado liko nyuma ya la kulia. Lakini ni kavu. Asubuhi moja mwezi wa tatu baada ya upasuaji nilikuwa nimelalia sikio la kulia, lile zima, nikasikia mvua inaanza juu ya bati. Kwa miaka 22 nikilala upande ule dunia ilikuwa inanyamaza.

Likizo iliyofuata nikavuka kwenda Bweni. Bibi alikuwa amekaa barazani anasuka ukili, na nilipomwamkia shikamoo hakuitika mpaka nikaingia machoni pake. Nikamwambia bibi, nataka kukuangalia masikio. Akacheka, akasema uzee hauna dawa. Nikatoa otoskopu, nikavuta sikio juu na nyuma. Taka, zimeshindiliwa kama gome, pande zote mbili. Siku tano nikawa namtia mafuta ya nazi asubuhi na jioni, mafuta yake mwenyewe aliyoyakuna na kuyapika. Siku ya sita nikapasha maji, nikayajaribu kwenye kiwiko, nikamsafisha. Likatoka donge jeusi kama punje ya ukwaju, na bibi akageuza kichwa kuelekea mtoni ghafla, akauliza, "Kivuko kinapiga honi tangu saa ngapi?"

Kisha akakaa akaitazama ile otoskopu muda mrefu. Akaniambia nami nikae chini, kwenye jamvi, nimpe sikio, lile la kushoto. Nikamwashia taa, nikamshikia mkono usitikisike. Alifumba jicho moja. Nikausikia upumuaji wake karibu na shavu.

"Mbona kumeziba kwa kitu cheupe?"

"Ndiyo kiraka chenyewe, bibi."

Hakuondoa jicho. Aliangalia, akaangalia, mpaka mkono wangu ukaanza kuchoka.